Fibula ya Kirumi inatoa unga wa kijani, nifanyeje?

Dada wa Leicester:
Wakuu habari zenu, nimenunua fibula ya bronzi, ile pini Warumi walikua wanafungia majoho begani, ni fupi kama kidole gumba na springi yake bado ipo, naipenda mno. Sasa pale kwenye springi kumetoka vidoa vya kijani mpauko, ukigusa unabaki unga kidoleni. Niisugue na limao kama tunavyosugua vyombo vya shaba nyumbani?

Mzee Vyuma:
Dada usithubutu limao!! Huo ni ugonjwa wa bronzi, kloridi, yaani chumvi za udongoni, zimebaki ndani, zikipata unyevu zinaendelea kuila taratibu mpaka inamong'onyoka. Ile rangi ya kijani iliyokolea, ngumu na yenye uso laini usiotoa unga, hiyo iache, ndo ngozi yake. Weka kwenye kopo la plastiki linalofunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya silika jeli, vikishiba unyevu badilisha, halafu mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya kale.

Kolekta:
Na muuzaji alikuambia ilitoka wapi? Mi kitu kisicho na historia sinunui hata kiwe kizuri vipi, maana shimo likishachimbwa kiholela habari zake zimepotea. Vingi vinavyookotwa England vinarekodiwa Portable Antiquities Scheme, ule mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa na watu, na ukiokota hazina mwenyewe, sheria ya 1996 inakupa siku 14 kuripoti.

Dada wa Leicester:
Asanteni sana, kopo nimepata. Namba ya rekodi sikuuliza, namwandikia muuzaji sasa hivi.