Wakuu, utani wa MC nao umekuwa kosa? Nimekatwa laki moja kwa sentensi moja

Fundi_Maiki
Habari za jioni wakuu. Mimi ni MC hapa Morogoro, mwaka wa kumi na moja huu nakula kwa mdomo wangu. Jumamosi nilikuwa na sendi ofu, binti Mpare anaolewa na kijana Mchaga wa Kibosho. Mimi mwenyewe Mchaga, na Wapare ni watani wetu, kwa hiyo kazi ilikuwa kama kumsukuma mlevi. Nikawachapa Wapare na ile ya kuuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku. Mjomba wa binti akainuka, akasema afadhali wao, Mchaga ukitaka kuhakikisha kama kafa kweli, angusha sarafu karibu na sikio lake. Watu hoi.

Sasa nyuma kule alikaa kijana mmoja zeruzeru, rafiki wa bwana harusi. Nikasema, "Mpiga picha zima flashi, huyu ndugu yetu anatosha kuwasha ukumbi." Wengine wakacheka, lakini meza ile ikapoa kama chai ya jana. Wakati wa malipo mwenyekiti wa kamati akanikata laki moja, eti nimedhalilisha mgeni.

Swali langu: Wapare niwaite wapenda kesi mbele ya wazee wao, sawa. Huyu nimtanie kidogo, kosa. Uhuru wa kusema uko wapi? Kesho nitaambiwa hata "mfupi" ni tusi.

Mpare_Mstaafu
Mtani, pole kwa laki, najua kwenu inauma kuliko msiba.

Nilifanya kazi Songea miaka sita. Wangoni na Wahehe walichinjana karne ya 19, leo ni watani. Nimeshuhudia kwa macho yangu mtani akishuka kaburini, akajilaza humo, akagoma kutoka mpaka wafiwa wamtoe na chochote. Wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Lakini ujue wao wakifiwa, wale wengine nao wanashuka. Utani ni deni la pande mbili. Yule mjomba alikujibu pale pale, na watu wakawa hoi. Huyo kijana angekujibu nini, na maiki unayo wewe? Watani wake ni akina nani?

Wakili_wa_Kijiweni
Tusichanganye mambo. Ibara ya 18 ya Katiba inakulinda dhidi ya dola, sio dhidi ya kamati ya harusi. Hakuna polisi aliyekuja. Mteja hakupenda kazi, akakata. (Kama mkataba ulikuwa wa mdomo, hapo sikusaidii, na nyie ma-MC hamsikii.)

Ukitaka kulilia uhuru wa kusema, lilia kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, ambazo zilimtaka mwenye blogu alipie leseni kwa zaidi ya milioni mbili. Wapo waliozima blogu zao kimya kimya. Wakati ule sikuona MC hata mmoja akiuliza uhuru uko wapi.

Dada_wa_Nakuru
Niingie kama jirani. Huku kwetu Kenya kuna neno "madoadoa". Ukilitoa kwa kamusi ni alama tu kwenye nguo, mama yangu anauza sabuni ya kuyatoa. Lakini Bonde la Ufa neno hilo likitamkwa na mwanasiasa, watu wa makabila mengine huanza kufunga virago. Baada ya damu ya 2007 na 2008 tukaundiwa tume ya uwiano, NCIC, na Aprili 2022 ikatoa orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" likiwemo.

Mimi orodha sikuiamini sana. Siku hizi mtu husema tu "wale wageni wetu" na kila aliye kwa mkutano ashaelewa. Unaweza kupiga neno marufuku, jicho alilolitumia kulisema utalipiga marufuku vipi? Lakini pia sitaki mtu aniambie neno ni neno tu. Tulihama usiku na godoro moja.

Kofia_Pana
Nina ualbino. Nimekulia Geita, na 2008 nilikuwa darasa la tano.

Neno "zeruzeru" mimi binafsi sina vita nalo. Bibi yangu aliniita hivyo huku ananipaka mafuta. Wenzangu wengi hawalitaki kabisa, wanataka "mtu mwenye ualbino", na nikiwa nao nasema hivyo. Viziwi wao chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi, hawataki kupambwa. Kwa hiyo muulize mwenyewe, usikisie.

Neno ninalolikumbuka mimi ni "dili". Nikipita stendi, makonda wanacheka, "dili hilo linapita". Kwao ulikuwa utani. Miaka ile watu kama mimi walikuwa wanakatwa viungo Kanda ya Ziwa, na bei zinatajwa. Mama alihamishia kitanda chake mlangoni, akawa analala na panga. Nilienda shule katikati ya kaka zangu wawili, kama mfungwa.

MC, ile ya flashi nimeisikia mara nyingi, haichekeshi tena. Lakini kilichoniuma kwenye maelezo yako ni kuwaza ukumbi mzima ukigeuka kumtazama. Sisi wengine tukiingia ukumbini tunachagua kiti cha nyuma makusudi. Jua la nje linatutosha.

Fundi_Maiki
Kofia Pana, nimesoma hii mara tatu. Nilidhani alikaa nyuma kwa sababu alichelewa.

Namba yake nimeipata kwa bwana harusi. Nimempigia leo mchana. Kaniambia alishasahau, halafu kwa sauti ile ile akanitajia sentensi yangu neno kwa neno, mpaka na ile ya mpiga picha kuzima flashi. Sikuwa na la kusema, na mimi kukosa la kusema ni habari. Mwisho akaniuliza nachaji shilingi ngapi, dada yake anaolewa mwezi wa kumi na mbili.

Bado nasema laki ilikuwa nyingi. Wangekata hamsini.

Mpare_Mstaafu
Ungekuwa Mpare ungeshafungua kesi. Ng'ombe wa kuuza ningekukopesha.

Fundi_Maiki
Kwa riba ngapi, mtani?