Kayaki au mtumbwi kwa mtu mwenye goti bovu?

Goti_Limegoma:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nina miaka 58, goti la kulia limelika na nyonga nayo imeanza kelele, daktari kasema kupiga kafi taratibu ruksa ila nisijikunje sana. Juzi nikaazima kayaki ile ya kuingiza miguu ndani, kuingia niliingia bwana, shughuli ikaja kwenye kutoka! Goti limeganda halikunji halinyooki, ikabidi nijimwage ubavu kwenye maji ya magotini kama gunia la mkaa, wife kacheka mpaka leo. Ninunue nini?

MajiShwari:
Pole mkuu (ila na mimi nimecheka 😂). Mi nina baridi yabisi mwaka wa ngapi sijui, hizo za kuingia ndani nilishaachana nazo. Tafuta ya kukalia juu yenye kiti cha fremu kilichoinuka, sio kale kagodoro kanakobandikwa sakafuni, maana ukikaa chini miguu imenyooka mbele mgongo na nyonga ndo vinalipa. Upana uwe kama sentimita 80 au zaidi, ukikaa juu kwenye kitu chembamba utayumba. Kupanda usiitanue miguu kama unapanda farasi, simama ubavuni maji yakiwa magotini, shusha makalio kitini kwanza kama unaingia kwenye gari, ndo uvute mguu mmoja mmoja. Ubaya wake uzito, nyingi zinafika kilo 30 na kuendelea, nunua na kigari cha matairi la sivyo utaumia kabla hujafika majini.

Kafi2:
Mtumbwi nao usiudharau, benchi liko juu na miguu unaibadilisha unavyotaka, kupiga magoti ndo usithubutu. Ila nyie wote mmesahau kafi! Watu wanamaliza hela kwenye chombo halafu wanachukua kafi la alumini zito. Piga hesabu, mapigo 40 kwa dakika ni 2,400 kwa saa, kila gramu unaibeba mara zote hizo. Chukua la kaboni lenye bapa dogo, mikono isipande juu ya mabega, na usilikabe, vidole vilegee.

Goti_Limegoma:
Na hizi za pedali je? Naona mikono inapumzika kabisa.

MajiShwari:
Kwa mwenye bega bovu safi sana, kwako wewe sina uhakika, goti linakunjwa na kunyooshwa muda wote. Wengine linalainika wengine linavimba. Omba ujaribu saa nzima, dakika tano hazikuambii kitu.

Goti_Limegoma:
Mrejesho wakuu. Jana nimekalia ya kiti cha juu dakika 40, ikiwa nchi kavu tu, nimeinuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Pedali nimeachana nazo. Kigari nacho nimeshalipia, wife kasema yeye habebi.