Naombeni ushauri: niuze kiwanja kijana akapandikizwe seli?

mgeni_njia: Wakuu, habari za majukumu. Kijana wangu ana sukari, sindano kila siku, tumechoka. Kuna dalali wa matibabu kaniunganisha na kliniki nje ya nchi. Wanapandikiza seli, baada ya miezi mitatu mtu anaachana na sindano. Nina kiwanja Kibaha. Niuze sasa au nisubiri bei ipande? Wenye uzoefu tu, matusi hapana.

Bwana Shamba: Kibaha usiuze. Mimi niliuza changu Bunju kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Ndoa ilishakufa, pale leo kuna ghorofa.

Dada wa Maabara: Ana miaka mingapi, sukari aina gani, na hizo seli zinatoka wapi?

mgeni_njia: Miaka 16, aina ya kwanza. Seli za kitovu cha watoto wachanga, wanachoma kwenye mshipa. Wanasema hata Marekani imeruhusiwa.

Dada wa Maabara: Marekani waliruhusu Lantidra mwaka 2023. Hiyo ni seli za kongosho la marehemu aliyejitolea, kitovu hakihusiki. Ni kwa watu wazima ambao sukari inawashuka vibaya kila mara. Zinapitishwa kwenye mshipa unaoingia ini, halafu unameza dawa za kushusha kinga, na hizo nazo zina madhara yake. Kule Edmonton, Kanada, mwaka 2000 wagonjwa 7 wa kwanza wa upandikizaji kama huo waliacha insulini wote, lakini wengi waliofuata walirudi kwenye sindano miaka michache baadaye. Zile zinazotengenezwa maabara kutokana na seli shina (seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa aina nyingine), zinaitwa zimislecel, matokeo ya 2025 yalionyesha 10 kati ya 12 wamekaa bila insulini mwaka mmoja baadaye. Hao nao wanatumia dawa za kushusha kinga, na bado ni majaribio. Hakuna aliyeuza kiwanja kuingia humo.

Ustaadh wa Mtaa: Mlonge na mdalasini. Babu yangu alitumia, kafika 80.

Dada wa Maabara: Babu yako aina ya pili, Ustaadh, huyu wa aina ya kwanza mwili hautengenezi insulini. Mleta uzi, umeshalipa? Na sindano anachoma kama kawaida?

mgeni_njia: Kianzio nimetuma. Sindano tumepunguza, ya jioni hatumpi, dalali alisema kongosho lianze kuzoea kazi. Msinishambulie. Mngekuwa na mtoto anayejificha chooni shuleni ajichome, mngeelewa.

Kipepeo Mweusi: ID ya jana, uzi wa kwanza. Wakuu, hii ni chai. Huyu ndiye dalali mwenyewe, kesho anarudi na ID nyingine "mimi nilipona".

Mnyalu Halisi: 😂😂 Leta risiti ya kianzio.

mgeni_njia: Dalali gani anaomba ushauri? ID yangu ya zamani shemeji zangu wanaijua. Kiwanja ni cha urithi wa mke wangu, sijamwambia.

Bwana Shamba: Kumbe cha mama watoto! Mkuu, hapo hata mnunuzi ataingia kwenye kesi.

Mnyalu Halisi: Wanaume wa humu bwana.

Dada wa Maabara: Kiwanja kitakuwepo. Kijana amepimwa lini?

mgeni_njia: Leo asubuhi. Mashine imeharibika, inaandika HI tu, namba haitoi. Anatapika kidogo, nadhani chakula cha jana.

Dada wa Maabara: Mashine ni nzima. Sukari imepanda kupita pale inapoweza kusoma. Mwili bila insulini unachoma mafuta, damu inageuka tindikali, ndiyo maana anatapika. Mpeleke hospitali sasa hivi, waambie aina ya kwanza na kwamba mmepunguza insulini. Msimfiche daktari.

Kipepeo Mweusi: Chai inazidi kunoga.

Dada wa Maabara: Ikiwa chai, nimepoteza dakika tano. Mleta uzi, mmeondoka?

mgeni_njia: Tuko kwenye bajaji.

Chausiku_88: Pole kaka, Mungu amjalie. Naomba namba ya huyo dalali PM, mama yangu naye ana sukari.