Mrejesho: Yeremia 29:11 na darasa letu Masasi

Wapendwa, niliwauliza nifundisheje Yeremia 29:11 ("nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani") kwa darasa letu la Biblia huku Masasi, ambako wengi wanaushika mstari huo kama ahadi ya kufaulu mtihani au kupata kazi mwaka huu huu. Mkanijibu: soma sura nzima, anzia ya 28.

Tumefanya hivyo Jumapili mbili. Ile ni barua kwa watu ambao Nebukadneza aliwahamisha Yerusalemu kwenda Babeli. Katika sura ya 28 nabii Hanania alikuwa ameahidi kwamba watarudi ndani ya miaka 2 tu. Yeremia, katika sura ya 29 mstari wa 10, anasema 70. Darasa lilinyamaza. Binti mmoja akahesabu, akasema mtu wa miaka 30 asingerudi nyumbani. Tena Kiswahili chetu kinasaidia: "ninayowawazia ninyi" ni taifa zima, si mtu mmoja.

Kilichonigusa zaidi ni mzee mmoja mkulima wa korosho. Aling'ang'ania mstari wa 5, jengeni nyumba, pandeni bustani, mle matunda yake. Akasema mkorosho haupandwi na mtu anayeondoka kesho. Sijasikia ufafanuzi bora wa sura hiyo.

Mama mmoja aliumia, akaniambia nimempokonya mstari wake. Nilimfuata nyumbani, tukasoma pamoja hadi mstari wa 14. Bado hajaridhika, nami sitaki kumharakisha.

Jumapili ijayo ni Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Safari hii tunaanzia mstari wa 10. Asanteni sana.