Mjadala: Daktari akwambie ugonjwa ambao hukumuuliza?

Mleta mada:
Wakuu, hili tulijadili bila jazba. Robert Green, daktari wa Boston, amechunguza kwa miaka mingi kama mtu huvunjika akielezwa yaliyomo kwenye vinasaba vyake. Katika utafiti wa REVEAL, watu wazima wenye mzazi mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, walielezwa kama wamerithi APOE e4, aina ya jeni inayoongeza hatari ya kuugua. Matokeo ya 2009: kwa wastani, walioelezwa hawakuwazidi wenzao ambao hawakuelezwa kwa wasiwasi wala sonona. Hapo nampa heko.

Ugomvi wangu ni wa 2013. Chama cha wataalamu wa vinasaba vya tiba cha Marekani, Green akiwa mstari wa mbele, kilipendekeza maabara inaposoma vinasaba vya mgonjwa kwa sababu yoyote ile, ikague pia jeni 56, BRCA1 ya saratani ya matiti ikiwemo, na majibu yaende kwa daktari. Mgonjwa apende asipende, hata akiwa mtoto! Wale wa REVEAL walijitolea wenyewe. Utulivu wao unamhusu vipi asiyetaka kujua?

Muuguzi:
Mkuu, unachanganya mambo. APOE haikuwemo kwenye zile 56. Zilizochaguliwa ni za magonjwa ambayo ukiyajua mapema kuna la kufanya. Na mtoto akikutwa na BRCA1 yenye kasoro, huenda kaitoa kwa mama yake, ambaye bado ana nafasi ya kujikinga. Utamnyamazia mama huyo? Halafu asiyetaka alikuwa huru kukataa kipimo chote.

Mleta mada:
Uhuru gani huo? Mwanao anaanguka kifafa, unaambiwa chukua vyote au acha vyote. La mama nakubali lina uzito, ila basi aulizwe yeye. Chama chenyewe 2014 kiliruhusu mtu akatae sehemu hiyo ya jeni za ziada.

Karani wa bima:
Mnabishana kuhusu moyo, mfuko mmeusahau. Sheria ya Marekani ya 2008, GINA, inakataza bima ya afya na mwajiri kukubagua kwa vinasaba. Bima ya maisha haimo, wala ya kutunzwa uzeeni. Jibu likishaingia kwenye faili, ukienda kukata bima hizo unaweza kuulizwa. Kwa hiyo Muuguzi, kabla ya kumwambia mama yule, nani amweleze hilo?

Muuguzi:
Daktari anayeomba kipimo, na kabla damu haijatolewa. Hapo sibishi.