Moa ya kukalia ya kukata nyasi ikipata moto haitaki kupanda mwinuko, giaboksi imekufa ama kuna dawa?

Shamba_la_Nyali
Salaam wadau, mafundi wa humu nisaidieni. Kuna moa ya kukalia kwenye kompaundi ya fleti huku Nyali nnakofanya kazi, mwenye nyumba aliinunua mtumba kutoka Uingereza, ni ya pedali hainaga gia za kubadilisha, ukikanyaga mbele yaenda ukikanyaga nyuma yarudi. Injini iko fiti na visu vyakata sawa, shida ni mwendo. Asubuhi ikiwa baridi haina neno, lakini ikishapiga kazi kama nusu saa yaanza kulia wiiii huku nyuma, halafu tukifika pale uwanja unapopanda kuelekea geti yaishiwa nguvu mpaka yasimama kabisa, injini yanguruma tu. Ukiiweka kivulini ikapoa yaenda tena kama si yeye. Fundi mmoja kaja kaizunguka, hata chini hakuinama, kasema giaboksi kwisha muagize mpya, na bei aliyotaja mwenye nyumba amenyamaza mpaka leo. Kabla pesa haijatoka, kuna kitu naweza kuangalia mwenyewe? Spana ziko na jeki iko.

Yakhe001
Belti hiyo bana. Ingia mjini chukua ya mashini ya kusaga posho, funga, maneno yaishe 😂

FunguaNati
@Yakhe001 pole pole shekhe. Belti ya posho upana waweza kuingia lakini haikuundwa kwa kazi hii. Kwa moa ile puli ya kukazia yaikandamiza belti kwa mgongo, na kila ukikanyaga breki belti yalegea halafu yakaza tena huku yasuguka, ndo maana za moa nyingi zina nyuzi ngumu za Kevlar ndani. Ya posho itaungua mapema tu utarudi dukani.

Sasa wewe wa Nyali, sikiza. Kitu ulichosema cha maana kuliko vyote ni kuwa ikiwa baridi yaenda na ikipata moto yakataa. Belti iliyochoka kawaida haingojei joto, yateleza hata asubuhi, tena kwenye umande ndo zaidi, na utasikia harufu ya mpira kuungua. Yako yalia na kufa ikichemka, hapo mimi naangalia oili. Hiyo giaboksi ni haidrostatiki, ndani kuna pampu yasukuma oili na mota yasukumwa na hiyo oili, basi, presha ya oili ndo yazungusha magurudumu. Oili ikichemka yawa nyepesi kama maji, yapenya pembeni badala ya kusukuma, na kupanda ndo kwataka presha kuliko popote. Na hili joto letu la kaskazi lazidisha.

Lakini usikimbilie kufungua. Zima, chomoa waya wa plagi kabisa, tia mawe magurudumu ya mbele maana breki ya hizi mashini yashika ya nyuma peke yake, ukiinua nyuma huna breki tena. Inua, weka stendi, usiiamini jeki. Ukilala chini utaona puli juu ya giaboksi na juu yake feni ya plastiki. Hesabu mapanga yake yako yote? Halafu mwili wa giaboksi una mapezi ya kupoza, yakijaa majani na vumbi lililoganda na oili joto halina pa kutokea. Kuna na levya ndogo nyuma, ile ya kuachia ili uisukume kwa mkono, ikiwa haikurudi mpaka mwisho presha yavuja na utadhani giaboksi imekufa. Mkono wa puli ya kukazia nao uchezeshe, hapa pwani chumvi yaula pale kwenye bolti unakwama, springi yavuta lakini mkono hauendi. Angalia yote hayo urudi utwambie.

mama_bustani
Na akiwa huko chini atazame kii ya gurudumu la nyuma, kile kijichuma cha mraba kati ya ekseli na ringi. Kwetu Bamburi ililiwa na kutu ikakatika, ekseli yazunguka gurudumu limesimama, na fundi wetu naye alikuwa ashaanza kuimba wimbo wa giaboksi mpya. Kitu cha bei ya chai.

FunguaNati
Kweli dada, ila kii ikikatika haitaki hata asubuhi. Yake yachagua saa.

Shamba_la_Nyali
Nimerudi. Levya iko sawa, kii ziko. Feni imebaki nusu, mapanga ya upande mmoja hayapo kabisa!! na mapezi hayaonekani, nimekwangua tope la majani gumu kama saruji. Mkono wa puli ulikuwa umekwama nikaufungua nikapiga msasa nikatia grisi, sasa warudi wenyewe. Belti yang'aa pembeni lakini haina ufa. Nimejaribu bila feni mpya, yachukua muda zaidi kabla ya kuchoka, lakini mlio bado uko na pale getini bado yajikaza.

FunguaNati
Basi uko njiani. Tafuta feni, na hiyo belti inayong'aa ibadilishe ukipata ya kwake, iwe urefu uleule wa zamani usikisie. Mlio uliobaki ni oili kuchakaa, au imepungua, au ina hewa. Soma kibati kwenye giaboksi ujue ni aina gani kabla hujanunua oili. Giaboksi ya Tuff Torq K46, ambayo utaikuta kwenye moa za majina mengi tofauti, yatumia 10W-30 au sintetiki ya 5W-50. Giaboksi za Hydro-Gear nyingi zataka 20W-50. Usitie ATF, ile oili ya giaboksi za gari za otomatiki, kwa sababu tu ndo iliyoko stoo.

Kazi ngumu ni kuimwaga, K46 nyingi hazina nati ya chini, lazima uishushe giaboksi nzima uigeuze oili itoke kwa juu. Piga picha za fimbo zote kabla hujafungua. Ukishajaza usikanyage pedali ukaondoka, toa hewa kwanza. Sehemu tambarare, levya iwe imeachiwa, washa, kanyaga pedali mbele polepole halafu nyuma, mara tano sita, mashini haitaondoka. Zima, rudisha levya, washa tena, nenda mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka mlio upungue. Angalia oili tena ikipoa, ongeza.

Yakhe001
Haya mwalimu nimekoma 😅 lakini si auze tu

Shamba_la_Nyali
Auze nibaki na fyekeo mie? 😂 Oili imetoka leo, kibati kimeliwa na kutu lakini namba ilisomeka nikaifuata. Ila oili yenyewe nyeupe nyeupe kama chai ya maziwa. Vipande vya chuma sikuona. Ndo kwisha?

FunguaNati
La, hayo ni maji. Mwaiosha kwa mashini ya presha ikiwa bado ya moto, sivyo? Giaboksi ya moto ikipigwa maji baridi ghafla yavuta ndani kupitia kipumulio cha juu. Kutokuwa na vipande ni habari nzuri, vingekuwepo vya kushikika kwa vidole ningekwambia uache. Jaza oili sahihi, toa hewa, iendeshe kidogo tambarare, imwage tena maana ya kwanza itatoka na maji yaliyobaki, kisha ndo ujaze ya kukaa. Najua kushusha mara mbili kwachosha, ila ni nafuu kuliko bei ya yule fundi. Na kuosha, kuanzia sasa brashi kavu na upepo wa kompresa, maji yasifike kule juu.

mama_bustani
Na mpaka feni ifike usiipandishe pale getini mchana. Kata alfajiri, mwinuko uanze nao ikiwa bado baridi.