Naomba ushauri: chakula, dubu na maji Itasca mwishoni mwa Septemba

Wakuu, habari zenu. Tupo wanne, tunataka kulala Itasca, hifadhi ya jimbo la Minnesota, Marekani, si kwenye kambi za magari za Bear Paw au Pine Ridge, bali zile za ndani ambako mizigo hubebwa mgongoni.

Kinachonisumbua zaidi ni dubu. Kanuni naijua: mfuko wa chakula uning'inie mita 4 juu ya ardhi na mita 2 kutoka kwenye shina, mbali na hema. Lakini misonobari mikubwa ya kule matawi yake huanza juu mno, kurusha kamba ni kujichosha. Mnafunga kamba kati ya miti miwili, au bora pipa gumu la chakula ambalo dubu hawezi kulifungua, licha ya uzito wake?

Halafu maji ya ziwa. Kichujio cha maji cha nyuzi nyembamba zenye tundu, kikiwa kimelowa kisha kigande, nyuzi hupasuka na hakichuji tena vizuri, ingawa kwa macho huoni kitu, kwa hiyo usiku kitakaa ndani ya begi la kulalia. Kama akiba, nichukue vidonge vya klorini, ambavyo kwenye maji baridi huchelewa kufanya kazi, au niongeze gesi ya kuchemshia?

Kuni tutanunua hukohuko. Za kutoka mbali hubeba wadudu waharibifu wa miti. Na kupe, msimu huo bado wanasumbua?